Kuizunguka Ghuba ya Winam kwa Pikipiki Wikendi Moja: Ushauri kwa Wanaotoka Nakuru

Watu wanaotaka kutoka Nakuru kwenda kuizunguka Ghuba ya Winam, ule mkono wa Ziwa Victoria unaoanzia Kisumu, kwa pikipiki mwishoni mwa wiki huniuliza kwanza ni kilomita ngapi. Jibu lake ni rahisi: Kisumu haifiki kilomita 200 kutoka Nakuru kwa njia ya Kericho, na pikipiki ya injini ya cc 150 iliyotunzwa vizuri huumaliza mwendo huo asubuhi moja bila kulalamika. Swali ambalo ningependa waniulize ni saa ngapi watakuwa Kericho wakienda, na saa ngapi watakuwa Kericho wakirudi, kwa maana safari hii huamuliwa na mvua ya Kericho kuliko kitu kingine chochote.

Mchana, jua linapopamba moto, upepo wenye unyevu hutoka ziwani na kupanda kuelekea nyanda za juu za Kericho na Nandi, na ukishafika kwenye miinuko hiyo hugeuka kuwa mawingu mazito. Alasiri mvua ya radi huteremka juu ya mashamba ya chai, mara nyingine ikiwa na mawe, hata katika miezi ambayo kwetu Nakuru ni vumbi tupu. Chai inastawi kule kwa sababu hiyo hiyo inayomfanya mwendeshaji wa pikipiki alowe hadi mifupani, akiwa kwenye kona zenye ukungu, huku malori yakimrushia maji machafu kwenye kioo cha helmeti. Asubuhi za Kericho, kinyume chake, mara nyingi huwa angavu na tulivu. Kwa hiyo nashauri jambo moja kabla ya mengine yote: ivuke Kericho kabla ya adhuhuri, siku ya kwenda na siku ya kurudi. Jumamosi hilo halina ugumu. Jumapili ndiyo inayodai nidhamu, na ndiyo inayowashinda wengi.

Jumamosi ondoka Nakuru mara tu kunapopambazuka, wala usiondoke gizani kwa tamaa ya kufika mapema. Sehemu ya Salgaa na Sachang'wan hadi Mau Summit ni mwinuko mrefu wenye malori mengi, na mahali ambapo barabara imegawanywa kwa ukuta wa katikati huna pa kukimbilia ila ukingo wa kushoto. Usikubali kamwe kubanwa kati ya malori mawili, hata kama yote mawili yanakwenda taratibu. Mau Summit unashika njia ya kushoto, na muda si mrefu unaifikia Londiani Junction. Hapo ndipo tarehe 30 Juni 2023 lori lilipoacha barabara na kuua zaidi ya watu 50, wengi wao wakiwa wachuuzi na wasafiri waliokuwa kando ya lami. Mimi hupita pale polepole na sisimami ukingoni. Ukitaka chai au mahindi ya kuchoma, hapo au makutano mengine yoyote ya njia hii, ingia ndani kabisa ya kituo cha mafuta, uiache barabara nyuma yako, ndipo ushuke.

Kericho iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Kisumu iko mita 1,131. Tofauti hiyo unaishuka kwa muda mfupi, nayo breki ndizo zinazolipa. Wengi hukanyaga breki ya nyuma mfululizo kuanzia juu hadi Awasi, na brekishuu zikishapata joto hupoteza nguvu bila kutoa taarifa. Shuka kwa gia, yaani ingia gia ya tatu kabla mteremko haujaanza, uiache injini ikuzuie, kisha utumie breki zote mbili kwa vipindi vifupi unapokaribia kona. Usishike klachi ukaiacha pikipiki iteleze yenyewe kwa nia ya kuokoa petroli. Hicho unachookoa hakitoshi hata soda. Ukifika uwanda wa Kano, hewa nzito yenye joto itakulaki, na ni hapo utakapovua sweta ulilolihitaji sana saa mbili zilizopita. Ahero kuna mashamba ya mpunga, na matrekta yanayotoka humo huacha matope kwenye lami, kwa hiyo punguza mwendo hata kama barabara imenyooka.

Kisumu hapahitaji maelezo marefu: kula samaki ufukweni Dunga, jaza tanki, angalia upepo wa magurudumu, uondoke kufikia saa saba mchana.

Kutoka hapo ningependa uizunguke ghuba ukianzia ukingo wa kaskazini. Kwa kuwa sisi huendesha upande wa kushoto, ukipita Kisian, Kombewa na Ndori, kisha ukavuka kwa feri hadi Mbita na kurudi mashariki kwa njia ya Homa Bay na Kendu Bay, ziwa litakuwa kushoto kwako kila mahali barabara inapolikaribia, na ukitaka kusimama kulitazama hutalazimika kukata mbele ya magari yanayokuja. Hasara yake ni jua, ambalo litakuwa usoni mwako Jumamosi alasiri na tena Jumapili asubuhi. Safisha kioo cha helmeti kila unaposimama, kwa sababu kioo chenye mikwaruzo na mafuta ya wadudu, kikipigwa na jua la saa kumi, kinakuficha ng'ombe mzima. Na ng'ombe wapo. Katika eneo la Seme mifugo hurudi kutoka kunyweshwa maji jioni, nao watoto wanaoichunga huvuka baada ya mnyama wa mwisho, jambo ambalo mgeni hulisahau akaongeza mwendo mapema mno. Kama kilomita 30 kutoka Kisumu kuna Kit Mikayi, mawe makubwa yaliyopandana, ambapo wazee na waumini huenda kusali. Ingia kwa heshima, lipa kiingilio na umsikilize anayekuongoza.

Ndori unakata kushoto hadi Luanda Kotieno, ambako kuna feri ya Mbita. Ulizia saa zake siku moja kabla, kwa sababu ukiikosa ya mwisho utalala ng'ambo ambako hukupanga kulala, na magugu maji yakisukumwa na upepo huweza pia kuchelewesha vyombo. Kupakia pikipiki kuna utaratibu wake. Sakafu ya feri ni ya chuma, nayo huwa na maji, kwa hiyo panda ukiwa umeshuka na kuisukuma, miguu ikiwa imara, mtu mwingine akiishika nyuma. Baharia mmoja alinifundisha jambo ambalo sijaliacha tangu siku hiyo: "Zima, weka gia ya kwanza, ndugu yangu. Hiyo stendi peke yake haitoshi tukifika katikati." Alikuwa sahihi. Katikati ya ghuba, ambako upepo wa alasiri huinua mawimbi, niliiona pikipiki ya jirani yangu ikisogea mbele na nyuma juu ya stendi yake kama kiti cha bembea, naye hakuwa amekaa karibu. Kaa karibu na chombo chako, ukishike usukani kwa mkono mmoja, kwa muda wote wa safari, ambao ni kama saa moja.

Mbita ndiyo nashauri ulale. Ukifika na jua likiwa bado lipo, vuka daraja uingie kisiwa cha Rusinga, uende hadi Kamasengre kwenye kaburi la Tom Mboya, waziri aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Kijana wa Kenya anayepanda pikipiki kwa starehe anapaswa, kwa maoni yangu, kusimama pale angalau mara moja. Kwenye sehemu za kokoto, tuliza mkono kwenye mafuta, legeza mabega, na usiguse breki ya mbele ukiwa umeinama kwenye kona. Pembeni utaona omena zimeanikwa juu ya nyavu, zikimetameta, na mama anayezigeuza kwa mikono hatafurahi ukimpitia kwa vumbi. Mpungie mkono, mwambie "oyawore", salamu ya Kijaluo, ikiwa ni asubuhi, upite taratibu.

Jioni hiyo hiyo, kabla ya kula, ikague cheni. Iinue kwa kidole katikati ya sehemu yake ya chini. Ikicheza sentimita mbili hadi tatu iko sawa, ikizidi hapo mtafute fundi usiku huo huo, kwa sababu Jumapili asubuhi wengi huwa kanisani. Ipake mafuta ikiwa bado ina joto.

Jumapili ondoka Mbita saa kumi na mbili na nusu. Usingoje chapati za hoteli. Chai utainywa Homa Bay. Barabara ya kutoka hapo hadi Kendu Bay, Mlima Homa ukiwa kushoto kwako, ndiyo ninayoipenda kuliko zote katika safari hii, na inafaa kuendeshwa polepole. Karibu na Kendu Bay kuna Simbi, ziwa dogo la volkeno lenye maji ya kijani na chumvi, ambako mara nyingi utawakuta heroe. Lione, lakini ikishagonga saa tatu na nusu panda pikipiki. Kupitia Katito na Sondu unapanda hadi Kapsoit, na kutoka hapo Kericho ni karibu.

Ukifika Kericho baada ya saa nane na mawingu yamekwisha kushuka juu ya chai, usijaribu kushindana nayo. Mbele yako kuna Londiani, Mau Summit, na ule mteremko wa Salgaa ambao sasa utaushuka ukiwa na malori nyuma yako, lami ikiwa imelowa na giza likiingia kabla ya saa moja. Chukua chumba mjini, mpigie mwajiri wako simu, uanike glavu, na uondoke Jumatatu alfajiri kunapoanza kuonekana.