Kitabu cha Noeli cha wanyama chenye vina: kwa nini watoto wanachoka katikati ya hadithi

Jambo sana dada wa Goma. Kwa wanaoingia sasa kwenye uzi huu: dada ameandika hadithi ya wanyama marafiki wanaosherehekea Noeli, yote kwa vina, mizani, yaani silabi za kila mstari, kazihesabu vizuri, lakini akiwasomea watoto wa chekechea, kabla hajafika nusu wameshaanza kusukumana na kuangalia dirishani. Anauliza kasoro iko wapi. Hapa Bukavu nafundisha watoto wa umri huo huo, na kila Noeli ikikaribia tunawatengenezea kitabu kidogo cha fotokopi, kwa hiyo nina ya kusema, na nitasema kwa urefu.

Nianze na vina vyenyewe. Kiswahili kinatupatia vina bila jasho. Karibu kila neno letu linaisha kwa irabu, na vitenzi vyetu vinavaa mikia ile ile: -ana, -ia, -ika, -wa. Ukiandika kwa kufuata mkia wa kitenzi unapata ubeti wa namna hii:

Wanyama wakakutana,
Noeli wakaonana,
Zawadi wakapeana,
Kwa nyimbo wakapendana.

Mizani nane kila mstari, kina kimoja, hakuna wa kukukosoa. Lakini mwambie mchoraji achore. Atachora nini? Mnyama gani? Zawadi ipi? Mtoto naye anakaa na swali hilo hilo. Mstari wa pili ukifika, sikio lake limeshajua kwamba -ana inakuja, na haimletei kitu kipya. Sasa ubeti wa kwetu:

Kuku kaleta karanga,
Njiwa kabeba kitunga,
Mbuzi kachekecha unga,
Kinyonga kashika mwanga.

Hapa kina kimekaa kwenye nomino, vitu vinavyoshikika. Mistari minne, picha nne. Mtoto anataka kuona jinsi Mbuzi anavyoshika chekeche na zile kwato zake, na Kinyonga, ambaye hana haraka hata siku moja, ndiye kakabidhiwa taa kwa sababu umeme umekatika. Darasani kwangu hapo ndipo wanaposogea mbele kuangalia picha.

Sikiliza tena mwisho wa mistari hiyo. Kwa sheria ya washairi, silabi moja ya mwisho ikilingana, kina kimetimia: nga na nga. Lakini mkazo wa neno la Kiswahili unaanguka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na hiyo ndiyo mtoto anayoisikia zaidi. Karanga inaitana na mwanga, kitunga kinaitana na unga. Kina cha silabi moja kinatosha kwa mwalimu wa fasihi. Mtoto wa miaka minne anahitaji na ile ya kabla yake. Ukipata maneno kama tope na kope, yashike, usiyaachie.

Kuhusu mizani, umefanya vizuri kuchagua nane. Ni kipimo cha utenzi, mstari mmoja wa pumzi ya mtoto. Shairi la mizani kumi na sita waachie wakubwa. Ila jihadhari na m na n za mwanzo wa neno. Mbuzi ni mizani mbili, mbu-zi. Mtoto ni tatu, m-to-to. Na mbwa, pamoja na ufupi wake, anahesabiwa mbili, m-bwa. Hesabu ya vidole inadanganya hapo, piga makofi. Mimi nawapigisha watoto makofi, kofi moja kwa silabi, na mstari wenye mizani ya ziada unajionyesha wenyewe: nusu ya darasa inamaliza kabla ya wenzao. Ukizidiwa, tumia ruhusa ya washairi kama nilivyofanya hapo juu, kaleta badala ya akaleta. Watoto hawa nyumbani wanazungumza Kiswahili cha Bukavu, lakini sijaona hata mmoja anayepotea kwa sababu hiyo.

Hata vina vikiwa vitamu, kitabu cha picha kinasimama kwenye kufunua ukurasa. Katika maelezo yako wanyama wako wote wameshafika ukurasa wa kwanza, wanafurahi, wanaendelea kufurahi. Mtoto afunue ili aone nini? Mpe kitu cha kusubiri. Sisi tulichukua hodi:

Hodi hodi! Nani huyo?

Mizani nane kamili, na kila mtoto wa kwetu anaijua kabla hajajua kusoma. Mstari huo unakaa chini ya ukurasa wa kulia. Msomaji ananyamaza. Watoto wanataja wageni kwa sauti, wanabishana, ndipo unafunua:

Gorila kaleta mwanzi,
Begani kakaa Panzi.

Kisha, baada ya kila mgeni, kibwagizo cha pili:

Bado Kobe hajafika.

Hilo ndilo linalobeba hadithi nzima. Kobe kaalikwa na kila mtu anamsubiri. Ukisoma kibwagizo hicho mara mbili tu, mara ya tatu watoto watakisema wao. Mwishoni wageni wote wamo ndani, ukurasa unasema bado Kobe hajafika, na hodi haisikiki. Watoto wenyewe wanaanza kuipiga, hodi hodi, na haingii mtu. Nakuambia dada, hapo chumba kizima kinatulia bila mwalimu kuomba. Unafunua:

Kobe kakwama kwa tope,
Tope limefika kope.

Basi sherehe inamfuata yeye alipo:

Meza, chai na vikombe
Vikabebwa naye Ng'ombe.

Sikuweka maneno mengine kwenye ukurasa huo. Urafiki umo kwenye kitendo. Ukiongeza mstari wa kuwafundisha watoto kwamba marafiki husaidiana, umewanyang'anya kitu walichokwisha kukiona kwa macho yao. Katika maelezo yako kuna beti tatu za mafundisho mwishoni. Ningeziondoa zote.

Juu ya wanyama wenyewe. Mchangiaji mmoja hapo juu kauliza kama wanyama wanahusika kweli na Noeli au ni mambo ya vitabu vya Ulaya. Injili ya Luka, sura ya 2, inataja hori na wachungaji waliokuwa wakilinda kundi lao usiku; ng'ombe na punda hawatajwi pale horini. Wakristo waliwachukua kutoka Isaya 1:3, panaposemwa kwamba ng'ombe na punda wanamjua bwana wao. Mwaka 1223 Mtakatifu Fransisko wa Asizi aliandaa hori la Noeli kule Greccio, Italia, kwa majani makavu na wanyama hai, na desturi ya kuwaweka kwenye pango la Noeli ikapata nguvu sana. Kwa hiyo mnyama ana haki yake kwenye sikukuu hii tangu zamani. Ndiyo maana nilimpa Ng'ombe kazi ya kubeba meza: parokiani watoto wanamwona pale pangoni, wanamtambua. Punda nilimwacha, kwa sababu wengi wa darasani kwangu wanamjua kwa picha tu.

Theluji na kulungu wa kuvuta sleji usiviweke. Siwachukii, lakini mtoto wa kwetu anaijua Desemba kuwa ni mvua, na mvua inakufanyia kazi yote unayoihitaji: inafungia watu ndani, inachelewesha wageni, inatengeneza tope la Kobe. Gorila hatukumbuni pia. Mbuga ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa 1970, iko karibu na mji wetu, na inahifadhi gorila wa Grauer, ambao porini hawapatikani nje ya mashariki ya Kongo yetu. Wanapenda machipukizi ya mianzi, na jioni kila mmoja anajitandikia kitanda kipya cha majani na matawi. Zawadi ya mwanzi ilitoka hapo. Mnyama akileta kitu anachokijua, zawadi inaaminika, na mtoto akienda kuuliza nyumbani ataambiwa ni kweli.

Kwa ajili hiyo hiyo, yule Mamba wako anayetoka Ziwa Kivu na taa ya Noeli mdomoni, mtoe. Ziwa letu halina mamba wala kiboko, na watoto wanaoogelea humo watakukatiza palepale. Hapa waliwahi kumkatiza mgeni aliyewasomea hadithi ya aina hiyo, na hadithi haikuendelea tena, maana kila mmoja alikuwa na shahidi wake: kaka, mjomba, baba mvuvi. Weka sambaza, wale samaki wa ziwa letu. Ni wadogo, wanang'aa usiku kwenye mwanga wa taa za wavuvi, na mchoraji atawapenda. Nyinyi wa Goma mna na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukumia mizigo; Ng'ombe wako angeweza kuisukuma meza juu yake, na ningependa sana kuuona mchoro huo.

La mwisho ni uchapaji, kwa kuwa umesema huna mchapishaji. Karatasi nne za A4 zikikunjwa katikati zinakupa kurasa 16. Jalada liwe ukurasa wa 1, hadithi ianze wa 2. Panga kila mgeni aangukie ukurasa wa kushoto, yaani namba shufwa, ili hodi ibaki kulia kabla ya kufunua. Kurasa za 8 na 9 ndizo zilizo kwenye karatasi moja isiyokatika, pale pini zinapopita, kwa hiyo mchoro mkubwa unaovuka kurasa zote mbili ukae hapo. Kwetu ni ule wa Kuku, Njiwa, Mbuzi na Kinyonga wakiwa kazini jikoni. Mwombe mchoraji atumie mistari minene bila vivuli vya penseli. Mashine ya fotokopi inageuza vivuli kuwa madoa meusi, na ukiacha nafasi nyeupe watoto watapaka rangi wenyewe. Darasani kwangu Kinyonga hajawahi kutoka na rangi moja katika vitabu viwili.