Mashine ya salfa inatoa moshi, plagi inalowa oili

Pole, ndugu wa Tandahimba uliyeuliza kuhusu mashine ya kupulizia salfa kwenye mikorosho. Moshi mzito na plagi kulowa, tena tangu uambiwe uweke "vifuniko viwili" vya oili kwa lita: hapo oili imezidi. Kifuniko si kipimo, kila chupa ina chake.

Soma kibandiko kwenye tangi au kitabu cha mashine. Kikisema 1:25, ni mililita 40 za oili kwa lita moja ya petroli. 1:50 ni mililita 20. Mimi napimia bomba la sindano la duka la dawa. Changanyia kwenye dumu safi, tikisa, ndipo umimine kwenye tangi. Oili iwe ya 2T, yaani ya injini za two-stroke kama hii. Ile namba 40 ya gari iache.

Mwaga mchanganyiko uliopo, futa plagi, kung'uta na chujio la hewa, maana vumbi la salfa huliziba na moshi ukawa uleule. Ila usipunguze oili chini ya kipimo kwa kuogopa moshi. Yangu ilinoki hivyo katikati ya shamba, mikorosho imeshatoa maua, pistoni na ringi zikala hela yote ya palizi.

Ikigoma bado, fundi afungue kabureta. Na usiongeze petroli injini ikiwa ya moto. Salfa nayo inawaka.