Kupandikiza nywele zilizonyonyoka kwa kusukwa: je, ni sawa na kuunga nywele?

SWALI: Assalaamu alaykum, sheikh. Mimi ni mwanamke wa miaka 38. Nywele zangu ni za kipilipili, na tangu udogoni nasukwa kwa kubanwa sana. Sasa kwenye paji na juu ya masikio pamebaki ngozi tupu, na dawa za kupaka hazijafaa kitu. Nimeambiwa nywele za kisogoni zinaweza kuhamishiwa mbele. Mama mkwe amenionya kwamba Mtume (s.a.w.) amemlaani anayeunga nywele, na hata bibi harusi aliyenyonyoka kwa maradhi hakupewa ruhusa. Nitakuwa nimeingia katika laana hiyo?

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakaatuh, dada yangu.

Mama mkwe hakukosea. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Mwanamke alimweleza Mtume (s.a.w.) kuwa binti yake ni bibi harusi, ameugua surua na nywele zimenyonyoka, je, amuunge? Akajibiwa kwamba Mwenyezi Mungu amemlaani mwenye kuunga na mwenye kuungwa.

Ila hapo kilichokatazwa ni nywele za kigeni kufungwa juu ya zako, anayekutazama akadhani ni zako. Wewe unaulizia mizizi yako mwenyewe: inatolewa kisogoni, inapandwa kwenye paji, inaota, na ukinyoa inaota tena. Hapo sioni udanganyifu. Na wapo watatu wa Bani Israili, mwenye mbalanga, mwenye upara na kipofu, ambao Bukhari na Muslim wamepokea habari zao. Mwenye upara aliulizwa anachopenda zaidi, akasema nywele nzuri. Malaika akampangusa, akapewa. Ingekuwa kutaka nywele zirudi ni dhambi, malaika asingetumwa nazo. Sheikh Ibn Uthaymeen, mwanachuoni wa Saudia, aliitegemea hadithi hii alipojuzisha upandikizaji, na Baraza la Fiqhi la Kimataifa, katika kikao chake cha Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, lilitaja kupandikiza nywele zilizoanguka, hasa kwa mwanamke, miongoni mwa matibabu yanayojuzu.

Kwa hiyo inajuzu. Hofu yangu kwako iko kwingine, nayo inanisumbua kuliko suala la laana.

Unywele wa kipilipili haujipindi nje tu. Mzizi wake nao umepinda chini ya ngozi, kama upinde. Daktari aliyezoea nywele zilizonyooka hupitisha kifaa chake wima, akakata mizizi katikati, na mzizi uliokatwa huenda usiote kabisa. Utakuwa umepoteza za kisogoni na za mbele hukuzipata. Tena ngozi nyeusi ina wepesi wa kufanya makovu yanayovimba na kutanuka. Kama sikio lako lilivimba ulipotogwa, mwambie daktari kabla hajagusa kitu. Muulize amewapandikiza wangapi wenye nywele kama zako, uone picha zao, na umwombe ajaribu mizizi michache kwanza. Akikasirika kwa kuulizwa, ondoka. Allah anasema "wala msijiue" (4:29), na wanazuoni wameieneza kwa kila madhara ya mtu kujitia mwenyewe. Jambo halali mikononi mwa asiyelijua linageuka kuwa haramu kwako.

Lakini kwanza daktari wa ngozi ahakikishe chanzo. Kunyonyoka kwa kubanwa, kukigunduliwa mapema, huweza kurudi kwa kuacha kubana tu. Upo pia ugonjwa unaoanzia utosini na kuacha kovu. Ukipandikiza kabla ugonjwa huo haujatulia, utakula na zile nywele mpya. Na ukipandikiza kisha ukarudi kwa msusi yuleyule, zitang'oka tena. Mtume (s.a.w.) amesema mwenye nywele na azikirimu, kama alivyopokea Abu Dawud. Kipilipili ni umbile la Allah, halikukuletea upara. Mkono uliovuta ndio ulioleta.

Mtafute daktari mwanamke. Asipopatikana mjuzi, mwanamume anajuzu kwa haja, afunue panapotibiwa tu, na mahram wako awepo.

Kuhusu josho: siku za mwanzo utakatazwa maji kichwani. Osha mwili, pangusa kichwa ikiwa kupangusa hakudhuru. Kukidhuru, tayamamu kwa sehemu hiyo. Yule sahaba aliyejeruhiwa kichwani, wenzake wakamwambia hana ruhusa ila kuoga, alioga akafa, na Mtume (s.a.w.) akasema, "Wamemuua." Usikubali mtu akulazimishe maji.

Wallahu a'lam.