Kiwanja changu cha Kivule na neno la mzee

Mwaka 2013 nilinunua kiwanja Kivule, Dar es Salaam, kwa mdomo. Mzee aliyeniuzia alikuwa jirani wa shangazi yangu, mtu wa swala tano, na nilipotaja karatasi alinitazama kama niliyemtukana. "Mwanangu, mimi nikudhulumu?" Nikaona haya. Tukahesabu hatua kutoka barabarani hadi kwenye mkorosho mbele ya mashahidi wawili, nami nikawa nalipa kidogo kidogo kwa simu hadi ikatimia milioni nne.

Mzee akafariki kabla sijaweka hata tofali. Arobaini ilipopita, wanawe wakaja na dalali.

Mzee sijamshuku hata siku moja, namwombea mpaka leo. Lakini sasa sikuwa nabishana naye. Taarifa ya miamala ya simu ilionyesha pesa imetoka kwangu ikaingia kwake. Ya nini, haikusema. Wanawe wakadai nilikuwa narudisha mkopo. Shahidi mmoja akasema mpaka ni mkorosho, mwenzake akasema ni mnazi wa mbele yake. Miti yote miwili ilishakatwa, na naamini hakuna aliyedanganya.

Wakili akanisomea kifungu cha 64 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999: mkataba wa kuhamisha miliki ya ardhi haudaiki mahakamani mpaka uwe wa maandishi, au masharti yake yawe yameandikwa mahali, na umesainiwa na yule unayemdai. Mikataba mingine mingi ya mdomo sheria inaitambua, ndiyo maana tunajiamini kupita kiasi.

Kama muuzaji wako yu hai, nenda wiki hii. Usiende kama mtu wa shari. Mwambie unataka wanao nao wajue. Andikeni bei, kiasi ulicholipa, vipimo na majirani wa pande zote nne. Mwenzi wake asaini pia, kisha mpeleke kwa wakili ashuhudie. Mjumbe na mwenyekiti wa mtaa ni mashahidi wazuri, ila muhuri wao haugeuki kuwa hati.

Kama ameshafariki, usimpe mtoto yeyote hata senti. Mimi nilibaki kidogo tu nimkabidhi kaka mkubwa milioni moja, kumbe hakuwa na mamlaka yoyote. Wa kuzungumza naye ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama.

Tulianzia Baraza la Kata, ambalo tangu 2021 linasuluhisha tu, halihukumu. Mkishindwana mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Sisi hatukufika huko. Niliongeza milioni moja na nusu, mpaka ukasogezwa upande wangu, msimamizi akasaini.

Siku hiyo nilikwenda na tepu ya fundi. Mwenyekiti akacheka, lakini tulipima mara mbili.