Dawati la jinsia kituoni: niliyoyaona nilipompeleka wifi yangu

Ndugu uliyeuliza kama dawati la jinsia, yaani ofisi ya kushughulikia ukatili wa kijinsia katika vituo vyetu vya polisi hapa Nairobi, litamfaa dada yako anayepigwa na mumewe, au ni maandishi tu yaliyobandikwa mlangoni, nitakujibu kwa niliyoyapitia, kwa kuwa nilimpeleka wifi yangu kituoni, na aliyempiga ni kaka yangu wa tumbo moja.

Mara ya kwanza tulikwenda usiku, katika kituo kimoja cha Eastlands, tukakuta chumba cha dawati kimefungwa kwa kufuli. Ikabidi wifi aeleze yaliyomsibu kwenye kaunta, pembeni yake mzee aliyepoteza kitambulisho, na vijana wawili wakivuliwa mikanda na viatu kabla ya kuingizwa seli. Afisa aliyekuwa zamu aliuliza kama aliyempiga ni mumewe, na alipojibiwa kuwa ndiye, akaiweka kalamu chini. Tuliambiwa ya nyumbani yazungumzwe nyumbani, au turudi asubuhi. Tukaondoka bila namba ya OB, yaani namba ya taarifa katika daftari la matukio la kituo, na hilo lilitugharimu, maana kwa rekodi za kituo hatukuwahi kufika.

Asubuhi tulimkuta koplo wa dawati, mwanamke wa makamo. Alifunga mlango, akampa mtoto kalamu na karatasi achore, kisha akamwacha wifi aanze popote alipotaka. Wifi alianza na sufuria iliyomwagwa, akarudi nyuma hadi harusini, na koplo hakumkatiza hata mara moja. Ni baada ya kumsikiliza ndipo alipoandika taarifa, akaisoma kwa sauti, na kumwuliza wapi pa kurekebisha. Kazi ya dawati, kwa maoni yangu, ni hiyo hasa: kupata taarifa ambayo haitatikisika mbele ya hakimu, kutoka kwa mtu ambaye kwenye kaunta angesema nusu yake.

Wengi wetu tukisikia vikosi maalumu tunawaza GSU wa kutuliza ghasia, mbwa wa polisi au makachero wa DCI. Koplo yule hana gari wala bunduki mezani, lakini ndiye anayejua njia nzima. Alitupa fomu ya P3, ya kurekodi majeraha, ambayo hutolewa bure (kituo hicho hicho kilituomba pesa za kutoa kopi, nami nikalipa kwa kuchoka tu), akatuelekeza hospitali ya umma ili daktari ajaze sehemu yake. Alitueleza pia kwamba kama kungekuwa na ubakaji, tungepaswa kuanza hospitalini bila kuoga wala kufua, nguo ziwekwe katika mfuko wa karatasi na si wa plastiki, ili ushahidi usiharibike, na tusichelewe, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI hazifai zikianza baada ya saa 72. Tena ndiye aliyetutajia Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015, ambayo inamruhusu mwathiriwa kuomba amri ya ulinzi mahakamani, na inayomruhusu, akitaka, kutoa taarifa yake kwa afisa wa jinsia yake. Mwombe dada yako alitaje hilo pale kaunta, kwa upole lakini bila kusita.

Udhaifu wake nao niuseme. Dawati lile lilikuwa mtu mmoja. Koplo alipokwenda likizo, kufuli lilirudi mlangoni, na mpelelezi aliyeachiwa faili hakujua lilipo. Tulikwenda mara nne, na kila mara wifi aliombwa asimulie upya. Mwaka 2021 polisi walizindua mpango wa Policare, wenye lengo la kumweka mwathiriwa, polisi, daktari na mwanasheria chini ya paa moja, na baada ya safari zile nne naelewa vizuri kwa nini ulihitajika. Kilichotuokoa sisi ni daftari la shule ambamo wifi alikuwa ameandika namba ya OB, tarehe, na jina la kila afisa aliyezungumza naye. Faili lilipatikana siku tuliyomwonyesha OCS, mkuu wa kituo, daftari hilo.

Kwa hiyo mpeleke dada yako mchana ikiwezekana, ila akiumizwa usiku msingoje kukuche. Msiondoke bila namba ya OB, na mwulize mpelelezi jina lake kabla ya kuinuka kitini. Kaunta ikimrudisha, mwoneni OCS. Naye akimrudisha, malalamiko hupokewa na IPOA, mamlaka huru inayosimamia polisi. Kama anaogopa kituo kabisa, simu ya msaada ya 1195 haitozwi, na atakayeipokea atamwelekeza pa kuanzia. Wewe usimsemee. Nilijaribu kumsemea wifi, na koplo akaniomba, kwa heshima, nikasubiri nje na mtoto.