Okidi Ndogo Zinazonukia: Wasomaji Wauliza Kuhusu Maji, Mizizi na Harufu

Barua nne nilizochagua kwa toleo hili zinahusu okidi ndogo zinazonukia, zile ambazo mmea mzima hukaa katika kiganja cha mkono lakini maua yake machache hutosha kujaza chumba harufu. Tatu kati ya barua hizo zinauliza juu ya maji, nami nimeanza na ile iliyoandikwa kwa uchungu zaidi.

Ndugu Mshauri, nilipewa zawadi ya okidi ndogo nyeupe inayoitwa Neofinetia, nikaelekezwa niimwagilie mara moja kwa wiki. Nilifanya hivyo kwa miezi mitano bila kukosa. Majani ya chini yakageuka manjano na kudondoka, na nilipoutoa mmea katika chungu nikakuta mizizi imekuwa ya kahawia, laini, na yenye harufu ya uozo. Kabla ya hapo okidi nyingine ilinifia kwa kukauka. Nakosea wapi?
*Msomaji aliyepoteza okidi*

Ndugu msomaji, pole sana. Uliitunza kwa uaminifu, ila ulipewa ratiba mahali ambapo ulihitaji kufundishwa kuutazama mzizi. Mmea huo, ambao mwaka 2012 wataalamu waliuhamishia katika jenasi ya Vanda na sasa unaitwa Vanda falcata, asili yake ni Japani, Korea na China, na huko huota juu ya matawi ya miti na juu ya miamba. Haunyonyi utomvu wa mti unaoubeba. Hujishikiza tu kwenye gome, na mizizi yake huishi hewani. Mvua ikinyesha mizizi hulowa chepechepe, upepo ukipita hukauka, kisha mvua au umande huirudia. Mizizi iliyozoea maisha ya namna hiyo huhitaji hewa kama inavyohitaji maji.

Ukiuchunguza mzizi ulio hai utaona umevikwa tabaka jeupe linaloitwa velameni, ambalo ni seli zilizokwisha kufa na kubaki wazi ndani kama sifongo. Tabaka hilo hunyonya maji kwa muda mfupi, likishalowa huwa angavu, na rangi ya kijani iliyo ndani ya mzizi hujitokeza. Likikauka hurudia weupe wake unaong'aa kama fedha. Kwa hiyo mmea wenyewe hukuonyesha saa ya kumwagiliwa: mizizi ikiwa ya kijani usiuguse, na ikishakuwa myeupe, mpe maji. Mzizi ukikaa siku nyingi ndani ya unyevu usiopitisha hewa hukosa oksijeni, seli zake hufa, kisha kuvu na bakteria huingia.

Jambo linalowapotosha wengi ni kwamba mmea uliooza mizizi hufanana kabisa na mmea wenye kiu. Majani hunywea na kufanya mikunjo, kwa sababu mizizi ya kuyapelekea maji haipo tena. Mwenye mmea akiona hivyo humhurumia, akaongeza maji, na mizizi michache iliyosalia nayo ikaoza. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kabla ya kuongeza maji kwa sababu ya majani yaliyonywea, ni lazima kwanza uitazame mizizi.

Kuhusu idadi ya siku, hakuna jibu moja, kwa sababu kinachoamua zaidi ni kile ambacho mmea umepandwa ndani yake. Sfagnamu, ule mmea laini unaoota penye majimaji na kuuzwa ukiwa umekaushwa, ikishindiliwa katika chungu cha plastiki inaweza kubaki na maji kwa siku kumi au zaidi, na nadhani hicho ndicho kilichoiua okidi yako. Vipande vikubwa vya magome ya msonobari katika chungu chenye matundu mengi hukauka baada ya siku mbili hadi nne, na okidi iliyofungwa juu ya kipande cha ubao au gome huhitaji maji kila siku, na pengine mara mbili kwa siku wakati wa joto kali. Huenda ile okidi yako ya kwanza ilipandwa katika kitu kinachokauka upesi, nawe ukaipa maji kwa ratiba ya sfagnamu. Njia ninayoiamini ni kukiinua chungu kwa mkono mara baada ya kumwagilia, ukakumbuka uzito wake, kisha kukiinua tena kila asubuhi. Baada ya wiki chache mkono wako utaujua uzito wa chungu kilichokauka bila kuhitaji kalenda.

Unapomwagilia, mwaga maji mengi mpaka yatiririke chini, kwa kuwa kuutilia vijiko viwili vitatu kila siku hulowesha juu tu na kuacha sehemu ya kati ikiwa kavu. Fanya hivyo asubuhi, na usiache maji yatuame katika kisahani cha chini. Maji yakibaki kwenye kitovu cha majani, yafyonze kwa kitambaa kabla ya usiku, kwani mmea huu una kitovu kimoja tu cha kukulia, na kikioza, shina hilo haliwezi kurefuka tena.

Wajapani, ambao wameutunza mmea huu majumbani kwa karne kadhaa na huziita aina zake teule fūkiran, huupanda juu ya kichuguu cha sfagnamu ndefu kilichoachwa wazi katikati, mizizi ikitandazwa nje yake. Wanaotazama husifu uzuri wa kichuguu hicho, lakini faida yake kubwa ni lile tundu la ndani, ambalo hupitisha hewa mpaka kiini cha chungu.

Kama mmea wako bado una mizizi miwili au mitatu iliyo migumu, usiutupe. Kata yote iliyooza kwa wembe uliopitishwa kwenye moto, upande mmea upya katika sfagnamu mpya isiyoshindiliwa, uweke mahali penye kivuli na unyevu wa hewa wa kutosha, na usiupe mbolea yoyote mpaka uone ncha mpya za mizizi za rangi ya kijani au nyekundu zikichomoza.

Ndugu Mshauri, nilinunua Brassavola nodosa kwa sababu niliambiwa inanukia sana. Imechanua vizuri mezani kwangu ofisini, lakini wiki ya pili inakwisha na sijasikia harufu yoyote. Je, nilidanganywa?
*Msomaji wa ofisini*

Hapana, hukudanganywa, tatizo ni kwamba wewe na ua lako hamkutani. Brassavola nodosa, ambayo asili yake ni Mexico na nchi za Amerika ya Kati, hutoa harufu yake baada ya jua kuzama, saa ambazo wewe umekwisha kufunga ofisi. Ichukue nyumbani, uiweke karibu na mahali unapokaa jioni, na giza likishaingia utaisikia, tamu na yenye uchachu kidogo unaofanana na wa ndimu.

Kwa okidi harufu ni wito, na hutolewa saa ambayo mchavushaji wake yuko macho. Maua meupe au ya kijani hafifu yanayonukia usiku kwa kawaida huwaita nondo, ambao gizani huongozwa na harufu kwanza na kisha weupe wa ua. Mfano unaonivutia kuliko yote ni wa Angraecum sesquipedale ya Madagaska, jamaa mkubwa wa hizi ndogo zetu, ambayo ua lake lina mrija wa nekta wenye urefu wa karibu sentimeta 30. Charles Darwin alipouona aliandika mwaka 1862 kwamba lazima kuna nondo mwenye ulimi unaofika chini ya mrija huo. Nondo wa aina hiyo alielezwa na wanasayansi mwaka 1903, Darwin akiwa amekwisha kufariki. Vanda falcata iliyotajwa katika barua ya kwanza nayo huzidi kunukia jioni na usiku.

Ukipenda okidi ya kubaki ofisini, tafuta zile zinazowaita wadudu wa mchana. Maxillariella tenuifolia ina maua madogo mekundu ya kuiva yanayonukia nazi waziwazi, hata mtu asiyeambiwa huitambua, na Dendrobium kingianum hunukia vizuri zaidi inapopata joto la jua la asubuhi. Kumbuka pia kwamba ua lililofunguka leo mara nyingi bado halina harufu kamili, kwamba baridi huipunguza, na kwamba ua likishachavushwa kwa kawaida huacha kunukia, kwa sababu kazi ya harufu imekwisha.

Mshauri, sfagnamu ya okidi zangu imefanya ukoko mweupe juu, na ncha za mizizi zimekuwa nyeusi. Natumia maji ya bomba niliyoyachemsha. Je, niyachemshe zaidi?
*Mama wa okidi sita*

Mama, kuchemsha hakutasaidia. Huua vijidudu na hupunguza baadhi ya chokaa, lakini chumvi nyingine hubaki zote, na kwa kuwa sehemu ya maji huondoka kwa mvuke, chumvi hizo hukolea zaidi katika maji yaliyobaki. Ukoko unaouona ni chumvi za maji pamoja na zile za mbolea, zilizoachwa juu maji yalipokauka, na ncha ya mzizi ndiyo sehemu changa inayoungua kwanza. Tumia maji ya mvua yaliyokingwa katika chombo safi kama unaweza kuyapata, na usitumie kamwe maji yaliyopitishwa katika mtambo wa kulainisha unaotumia chumvi ya kawaida, kwa sababu hubadilisha chokaa kwa sodiamu. Kwa sfagnamu iliyokwisha kufanya ukoko, ushauri wangu ni kuitupa na kupanda upya. Baada ya hapo, mara moja kwa mwezi pitisha maji matupu mengi katika chungu ili yazoe chumvi, na mbolea uipunguze iwe robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, ukiitia pale tu mizizi ikiwa imelowa.

Ndugu Mshauri, Dendrobium kingianum yangu ina afya, lakini kila mwaka badala ya maua huota vimea vidogo juu ya mashina yake. Naimwagilia na kuitia mbolea vilevile mwaka mzima.
*Msomaji anayesubiri maua*

Hilo la mwisho uliloandika ndilo jibu. Okidi hii huota juu ya miamba ya mashariki mwa Australia, ambako baada ya majira ya kukua huja majira ya usiku wenye baridi na mvua chache, na mabadiliko hayo ndiyo huuamsha mmea kufanya matumba. Ukiendelea kuulisha na kuunywesha kana kwamba bado ni wakati wa kukua, nguvu ile huishia katika vimea. Mashina mapya yakishakomaa, acha mbolea kabisa, mpe maji machache ya kuzuia tu mashina yasinywee sana, na uweke mmea mahali penye mwanga mwingi ambapo usiku joto hushuka kufikia nyuzi 10 hivi za Selsiasi, kwa muda wa miezi miwili au zaidi. Ikiwa unapoishi usiku haupoi, punguza maji na mbolea hivyo hivyo, ingawa ni haki ujue kwamba kwenye joto la daima aina hii huchanua kwa shida, na pengine Maxillariella tenuifolia ingekufaa zaidi. Matumba yakishaonekana wazi, ongeza maji polepole. Vile vimea vidogo usiving'oe mapema. Subiri mizizi yao ifikie sentimeta tatu hadi tano, kisha uvikate na kuvipanda katika vyungu vidogo vya magome laini, viwili au vitatu pamoja.