Kutetemeka baada ya kunywa chai: jibu kwa dada wa maandazi manne

Pole sana dada, hiyo ya kunywa chai ya sukari na maandazi manne asubuhi halafu ikifika saa nne unatetemeka, jasho linakutoka, moyo unaenda mbio na njaa kama hujala kabisa, mimi nimeipitia. Huenda ni sukari ya kwenye damu inashuka: wanga mwepesi unaipandisha haraka, kongosho linamwaga insulini (homoni ya kushusha sukari) kupita kiasi, basi inaporomoka ndani ya masaa mawili mpaka manne.

Ila usibahatishe, maana hata wasiwasi tu unaleta hali hiyohiyo. Azima mashine ya kupimia sukari ujipime palepale unapotetemeka, sio baadaye ukishatulia. Ikisoma chini ya 3.9 mmol/L (au 70 kama mashine inasoma mg/dL) koroga vijiko vya chai vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, kunywa, subiri dakika 15 upime tena, ikishapanda kula yai au karanga isije ikashuka tena.

Kilichonisaidia mimi ni chai bila sukari (wiki ya kwanza ni mateso aisee), andazi moja na maharage, mchana ugali mdogo mboga nyingi na dagaa, halafu kitu kidogo kila baada ya masaa matatu. Soda tumbo likiwa tupu achana nayo.

Kama unatumia dawa za kisukari, uliwahi kufanyiwa operesheni ya tumbo, au inakupata hata ukiwa hujala, muone daktari mapema. Na waambie wa nyumbani, ukizimia wasikunyweshe kitu, utapaliwa, wakukimbize hospitali.